Je, “negligible” ni sawa na “hakuna”?

SWALI: Mwalimu, hujambo. Mimi ni katibu wa kamati ya mradi wa maji huku Njoro, Nakuru. Tulipeleka maji ya kisima chetu maabara, na ripoti ikarudi kwa Kiingereza. Imeandikwa hivi: “Lead and arsenic are negligible. The change in fluoride from 2.1 to 2.4 mg/L is not significant.” Mwenyekiti anasema maana yake ni kwamba hakuna kitu, maji ni safi. Mjumbe mmoja anadai “negligible” ni uzembe, yaani maabara haikupima. Tena mweka hazina ameandika kwamba upungufu wa shilingi 60 kwa siku kwenye kioski ni “negligible”. Tunauza mtungi wa lita 20 kwa shilingi 5, mitungi kama 300 kwa siku. Nani yuko sahihi, na mimi niandike nini kwenye kumbukumbu za mkutano? Na je, kuna maneno mengine ya jamii hii ninayoweza kutumia badala ya “negligible”?

JIBU: Katibu, sijambo, na nakushukuru kwa kunakili maneno ya ripoti jinsi yalivyo, kwani bila hivyo ningebahatisha. Katika hao watatu hakuna aliyelipata lote. Anayenitia wasiwasi zaidi ni mwenyekiti, kwa sababu tafsiri yake inahusu maji yanayonywewa na watoto. Ila tuanze na neno lenyewe, kisha tutafika kwenye floraidi.

Mtu akisema “small”, anakupa ukubwa wa kitu, hata kama ni kwa kukisia. Akisema “negligible”, anakupa uamuzi wake. Anakuambia kwamba amekiangalia kitu hicho, amekipima na shughuli iliyo mbele yake, akaona kwamba hata kikiachwa nje ya hesabu jibu litabaki lile lile. Kitu kipo, lakini hakitikisi jambo. Kwa hiyo neno hili hubeba mambo matatu ambayo mara nyingi hayatamkwi: kiasi chenyewe ni kipi, kimelinganishwa na nini, na nani ameamua kwamba kinaweza kuachwa. Mwandishi mwangalifu huyaweka matatu hayo karibu na neno. Ripoti yenu imeyaacha yote, na ndiyo maana mmegawanyika katika kuisoma.

Asili yake ni Kilatini, “neglegere”, neno lililoundwa kwa kikanushi na kitenzi “legere”, ambacho maana yake ni kuokota, kuchagua, na pia kusoma. Uzao wa “legere” umetapakaa kwenye Kiingereza: “collect”, “select”, “elect”, “lecture”, “legible”. Basi “neglegere” ni kukiona kitu ukakipita bila kukiokota. Mkia wake “-ible” hufanya kazi inayofanana na ya “-ik-” na “-ek-” zetu katika “pitika” na “someka”: huonyesha kwamba jambo lawezekana kutendwa. Ukitaka neno moja la Kiswahili, nafikiri “-a kupuuzika” ndilo lililo karibu zaidi. Kiasi “negligible” ni kiasi kinachopuuzika. Aliyekipuuza hakupata hasara wala hakumtia mwenzake hasarani.

Mjumbe wenu hakulitoa hewani neno lake la uzembe. “Negligible” ni ndugu wa damu wa “neglect”, “negligent” na “negligence”, na anayeyasikia yote mahakamani au hospitalini ni rahisi kuyachanganya. Tofauti yake ni hii: “negligent” ni sifa ya mtu aliyepuuza kisichofaa kupuuzwa, na “negligible” ni sifa ya kitu ambacho kupuuzwa kwake si kosa. Mmoja analaumiwa, mwingine anaachwa tu. Lakini maneno haya mawili hukutana pale mtu anapokiita kitu “negligible” kabla ya kukichunguza. Sheria ya uzembe tunayoitumia Kenya tumeirithi kutoka Uingereza, na nguzo yake ni kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya mwaka 1932, iliyohusu kinywaji ambacho mnywaji alidai kilikuwa na konokono aliyeoza ndani ya chupa. Jaji Atkin alieleza humo kwamba jirani yako mbele ya sheria ni yule anayeweza kuguswa moja kwa moja na kitendo chako, kiasi kwamba unapaswa kumfikiria unapotenda. Kamati inayowauzia watu maji ina majirani wa namna hiyo kila asubuhi, wamepanga foleni na mitungi yao.

Je, maabara haikupima? Neno “negligible” lenyewe halisemi hivyo. Kama kitu hakikupimwa, ripoti huandika “not tested” au “not analysed”. Kama kilitafutwa na mashine haikukiona, huandikwa “not detected”, mara nyingi kwa kifupi ND, au “below detection limit”. Semi hizi si visawe vya “negligible”, na mngepewa mojawapo badala yake mngefahamu mengi zaidi. Kila mashine ina kikomo chake cha kuona. Ikiwa kikomo hicho ni miligramu 0.005 kwa lita, basi ND ina maana kwamba kiasi kilichomo, kama kimo, ni chini ya hapo. Hakuna mashine inayothibitisha sufuri. Hutuhakikishia tu kwamba hakuna kinachozidi uwezo wake wa kuona.

Kwa madini mliyoyataja jambo hili lina uzito. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani, WHO, ni miligramu 0.01 kwa lita kwa risasi (“lead”), na 0.01 vilevile kwa aseniki (“arsenic”). Maabara ikitumia mashine ambayo haioni chini ya 0.05, inaweza kuandika kwa moyo mweupe kwamba haikuona kitu, huku maji yakiwa na risasi mara tatu ya kiwango. Tena risasi ina ugumu wake wa pekee: WHO yenyewe inasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, hasa kwa mtoto ambaye ubongo wake bado unakua. Kwa dutu ya namna hiyo, mtu wa maabara anayeandika “negligible” bila tarakimu amejitwalia uamuzi ambao haukuwa wake. Huenda ameamua vizuri. Lakini mmelipia kipimo, na kipimo ni tarakimu. Mwandikieni kwa adabu mkiomba mambo mawili: kiasi kilichopatikana cha kila madini, na kikomo cha kuona cha mashine iliyotumika. Maabara yoyote inayotunza daftari zake itawajibu bila taabu.

Sasa tuje kwa mwenyekiti na sentensi ya pili, ambayo ndiyo nzito. Sentensi hiyo haisemi kwamba floraidi ni kidogo. Isome tena polepole: “the change”, yaani mabadiliko, ndiyo ambayo “is not significant”. Kilichozungumziwa ni ile 0.3 iliyo kati ya 2.1 na 2.4. Kuhusu 2.4 yenyewe ripoti imenyamaza, na mwenyekiti amechukua sifa ya tofauti akaivisha kiasi chote. Kiwango elekezi cha WHO kwa floraidi ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji yenu yalikuwa juu ya kiwango hicho kipimo kilichopita, na leo yamekizidi kwa asilimia 60. Kwamba hayakubadilika sana si habari njema hata kidogo, kwa kuwa mahali yalipokaa si pazuri.

Mkaazi wa Nakuru hahitaji kuelezwa sana floraidi inafanya nini. Bonde la Ufa lina miamba ya volkano, maji ya chini ya ardhi huiyeyusha floraidi iliyomo, na tunaona matokeo kwenye meno ya kahawia ya watu waliokulia huko. Meno huharibika yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, kwa hiyo wanaopaswa kuangaliwa kwanza ni watoto wachanga hadi umri wa miaka minane hivi. Floraidi ikizidi zaidi, hasa kuanzia miligramu 3 hadi 6 kwa lita kwa miaka mingi, huanza kuingia kwenye mifupa. Na tafadhali muwaeleze wateja wenu kwamba kuchemsha hakuiondoi: maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki, na kinachobaki sufuriani huwa kikali zaidi kuliko kilichotiwa.

Njia za kuipunguza zipo. Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa, na ujuzi huo uko karibu nanyi. Nyingine ni kuchanganya na maji ya mvua, na hapa ndipo ninapoweza kukuonyesha “negligible” ikitumika ipasavyo. Floraidi iliyo kwenye maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi huwa “negligible” ukiilinganisha na 1.5. Simaanishi kwamba haimo kabisa. Namaanisha kwamba nikipiga hesabu ya mchanganyiko naweza kuihesabu kama sufuri na nisikosee kwa lolote la maana: nusu mtungi wa maji ya kisima na nusu ya mvua vitatoa takriban miligramu 1.2 kwa lita, chini ya kiwango. Hata kama mvua ingekuwa na 0.1, jibu lingekuwa 1.25, na ushauri wangu kwenu usingebadilika. Nimetaja kiasi, nimetaja nimekilinganisha na nini, na uamuzi nimeufanya mimi, ukaweza kuuhakiki mwenyewe kwa kalamu. Neno hilo halitaki zaidi ya hapo.

Bado hatujamaliza na “significant”, kwa sababu lina maana mbili na ripoti yenu haikusema inatumia ipi. Katika Kiingereza cha kila siku, “significant” ni kitu chenye uzito, cha kuzingatiwa, na “insignificant” ni kinyume chake. Katika takwimu lina kazi nyingine. Huko swali ni kama tofauti iliyoonekana ingeweza kutokea kwa bahati tu. Mwanatakwimu Mwingereza Ronald Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1925, ndiye aliyeipa umaarufu mipaka kama 0.05, yaani mara 5 katika 100, na tangu hapo watafiti wengi wameandika “significant” pale uwezekano huo unapoanguka chini ya mpaka, na “not significant” pale usipoanguka. Angalia kwamba ukubwa wa kitu haukuulizwa. Tofauti ndogo sana yaweza kuwa “significant” ikiwa imepimwa kwa watu laki moja. Tofauti kubwa yaweza kuwa “not significant” kwa sababu waliopimwa walikuwa wachache mno. Kusema “not significant” kwa maana hii ni kukiri kwamba ushahidi hautoshi kuamua, na anayeitafsiri kuwa “hakuna tofauti” ameongeza la kwake. Kosa hili limeenea hadi kwa wasomi wakubwa: mwaka 2019 watafiti zaidi ya 800 walitia saini wito uliochapishwa katika jarida la Nature wakitaka mtindo wote huo wa kugawa matokeo mafungu mawili uachwe.

Kwenu ninyi, vipimo ni viwili tu, cha zamani na cha sasa, na kwa vipimo viwili hakuna hesabu ya takwimu inayosimama. Nadhani mtu wa maabara alikusudia jambo la kawaida zaidi, kwamba 0.3 iko ndani ya kosa la kawaida la kipimo chao. Huenda ni kweli. Huenda pia floraidi inapanda pole pole kadiri mnavyovuta maji ya chini zaidi. Hamtajua mpaka mpime mara kadhaa, kiangazi na masika, mtungi uleule, maabara ileile.

Huku upande wa ziwa, mfano ninaoupenda wa jambo hili ni chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo majaribio yake makubwa yalifanyika pia Kombewa, karibu na Kisumu, na Siaya. Matokeo ya mwisho yalipotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi nne walipunguziwa visa vya malaria kwa asilimia 36 hivi katika muda wa miaka minne. Aliyezoea chanjo za surua, zinazokinga karibu kila mtoto, angeziona asilimia 36 kuwa kidogo, na ni haki yake kusema hivyo. Lakini kidogo cha namna gani? Kiingereza kina “modest” kwa kazi hiyo: si kingi, ila kina maana. Angeandika “negligible” angekuwa amepotosha, kwa kuwa mtoto wa kando ya Ziwa Victoria huugua malaria tena na tena, na theluthi moja ya mengi ni mengi. Kenya ilianza kuitoa chanjo hiyo Homa Bay mwezi Septemba 2019. Tathmini iliyofuata nchini Ghana, Kenya na Malawi ilionyesha vifo vya watoto waliostahili kuchanjwa vimepungua kwa asilimia 13. Ukiiona kwenye karatasi, 13 ni tarakimu ndogo. Mama wa Homa Bay hataiita hivyo, na mwandishi anayemwandikia hana ruhusa ya kuiita hivyo.

Nije kwa mweka hazina, ambaye nadhani mmemshuku mapema. Mitungi 300 kwa shilingi 5 ni shilingi 1,500 kwa siku, na 60 ni asilimia 4 ya hizo. Ni sawa na mitungi 12, yaani lita 240. Ikiwa upungufu huo ni wa maji, kwamba mita ya tangi inasoma zaidi ya yaliyouzwa, basi mna mradi unaotunzwa vizuri. Ripoti za bodi inayosimamia huduma za maji nchini, WASREB, zimekuwa zikionyesha kwamba kampuni za maji za Kenya hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya maji wanayoyazalisha. Mbele ya hiyo, asilimia 4 ni kidogo cha kupongezwa. Lakini ikiwa upungufu ni wa pesa, yaani mitungi imeuzwa na kuandikwa na fedha zake hazikufika, asilimia ileile inasimama mahali pengine kabisa. Pesa zilizokwisha kuhesabiwa haziwezi kuvuja kwenye mfereji. Hapo hata shilingi 10 zinazokosekana kila siku zina habari ndani yake, na kinachotafutwa ni chanzo zaidi ya kiasi.

Wahasibu wana neno lao la jambo hili, “material”. Jambo ni “material” ikiwa kulificha au kulikosea kunaweza kubadilisha uamuzi wa anayeisoma hesabu. Napenda kipimo hicho kwa sababu kinamweka msomaji katikati. Kwenu msomaji ni mwanachama. Mweka hazina ajiulize kama mwanachama, akiambiwa kuhusu shilingi 60 za kila siku, ataondoka na maoni yaleyale kuhusu kioski. Ikiwa yatabadilika, basi si “immaterial”, na haistahili kuitwa “negligible” pia.

Tena kuna “kwa siku”. Kitu kinachopuuzika mara moja hakipuuziki kikijirudia, na wahenga wetu walilimaliza hilo waliposema haba na haba hujaza kibaba. Shilingi 60 kwa siku ni 21,900 kwa mwaka. Mfano mashuhuri wa kosa hili ulitokea kwenye soko la hisa la Vancouver, Kanada. Mwezi Januari 1982 walianzisha kipimo cha jumla cha bei za hisa kikiwa na pointi 1,000. Kompyuta ilikikokotoa upya maelfu ya mara kwa siku, na kila mara ilikata tarakimu zote zilizofuata nafasi ya tatu ya desimali badala ya kuzikadiria. Kila mkato ulikuwa mdogo kuliko sehemu moja ya elfu ya pointi, na aliyeiandika programu hiyo lazima aliona kwamba unapuuzika. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilisomeka pointi 520 na ushei, wakati hesabu sahihi ilipofanywa ilikuwa karibu 1,100. Nusu ya thamani ilipotea karatasini bila hisa hata moja kuporomoka. Ndiyo sababu nakushauri, kila ukikutana na “negligible”, utafute karibu yake maneno kama “per day”, “per litre”, “each time”. Ukiyapata, zidisha kwanza.

Umeniuliza pia, kule mwishoni mwa barua yako, kama kuna maneno mengine ya jamii hii unayoweza kutumia badala yake. Yapo, lakini mengi hubeba hisia ambazo “negligible” haina. “Paltry” lina dharau ndani yake: “a paltry sum” ni pesa kiduchu ambazo aliyezitoa alipaswa kuona haya, kwa hiyo usiliandike kuhusu mchango wa mtu. “Petty” humshusha mtu, “a petty man” ni mwenye kushikilia visivyo na maana, ingawa katika “petty cash” au “petty trader” dharau hiyo haisikiki. “Trivial” ni la jambo lisilostahili kujadiliwa. Ukiliita hivyo lalamiko la mwanachama mkutanoni, utakuwa umelikuza. “Nominal” hutumiwa kwa ada ya jina tu, kama shilingi chache mnazomtoza mtu aonyeshe kwamba amekubali masharti. “Minor” ni pole na salama: kasoro ndogo, matengenezo madogo.

“Negligible” lenyewe hupenda kukaa na vitu vinavyoweza kupimwa au kukadiriwa: “risk”, “cost”, “effect”, “difference”, “amount”. Usilitumie kwa mtu, kwani humfanya asiwe kitu. Huja na “almost” na “virtually”, na huku kwetu husikika sana “very negligible”, ambayo naomba uiepuke katika maandishi rasmi, maana kitu ama kinapuuzika ama hakipuuziki. Likikanushwa huwa na nguvu ya pekee. “Not negligible” au “far from negligible” ndiyo “si haba” yetu: anayesema mavuno si haba hajasema ni mengi, lakini umemwelewa. Katika kutamka, mkazo uko mwanzoni kabisa, kwenye “neg”. Ulimi wetu hutaka kuupeleka silabi ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea, na msikilizaji mgeni hulipoteza neno. Tahajia ina i mbili baada ya l, moja kila upande wa g: n-e-g-l-i-g-i-b-l-e.

Kwa kumbukumbu za mkutano, kama zinaandikwa kwa Kiswahili, singetafuta neno moja la kusimama mahali pa “negligible”. Ningeandika hivi: “Ripoti ya maabara inasema risasi na aseniki ni kidogo kiasi cha kupuuzika, ila haikutoa tarakimu. Katibu ataiomba maabara itoe kiasi cha kila madini na kikomo cha mashine. Floraidi ni miligramu 2.4 kwa lita, juu ya kiwango cha 1.5. Tofauti kati yake na kipimo kilichopita cha 2.1 haitoshi kuonyesha kwamba inapanda. Kamati itapima tena kiangazi na masika, na itawaeleza wateja kwamba maji ya kisima yasitumiwe peke yake kwa watoto wadogo. Upungufu wa kioski ni shilingi 60 kwa siku. Mweka hazina ataeleza kwenye mkutano ujao kama ni wa maji au ni wa fedha.”

Na barua ya kwenda maabara, kwa kuwa wao wameandika Kiingereza, iwe ya sentensi moja: “Kindly provide the measured values for lead and arsenic, together with the detection limit of the method used.” Ukishapata majibu, niandikie tarakimu zenyewe, nitakusaidia kuzisoma.